Theluji Iliyokuwa ya Ligala

Theluji ile ilikuwa ya Ligala. Redio ilitangaza hivyo tangu jioni, mtambo wa kituoni ukasema hivyohivyo alfajiri, na Esnati Chaula mwenyewe, alipotoka nje ya kituo kumwaga makapi ya chai, aliliona wingu upande wa kusini, zito, la kijivu, likipanda polepole kuelekea bonde la nyumbani kwake. Wingu la namna ile halina mzaha. Alirudi ndani akaubamiza mlango, utadhani wingu lingeona haya likageuza njia.

Kituo chenyewe kilikuwa chumba kimoja cha matofali juu kabisa ya mgongo wa mlima, chini kidogo ya uwanda wa Kitulo. Upande wa kusini ni bonde la Ligala, alikoolewa. Upande wa kaskazini ni bonde la Ilevelo, alikozaliwa. Kati ya mabonde hayo mawili ilisimama safu ya minara myembamba, mirefu kama milingoti ya bendera, ikinguruma kwa sauti ya chini mchana kutwa na usiku kucha.

Watu wa pande zote mbili waliambiwa kwamba minara ile inapunguza theluji, nao walishukuru, maana zamani hizo hakuna bibi wala babu aliyekuwa na habari ya kitu hicho. Baridi waliijua. Umande ulioganda juu ya majani ya viazi waliujua. Theluji ililetwa na Pazia. Mataifa yalipotandaza vumbi lao juu angani ili kuikinga dunia na jua, pwani ilipata nafuu na jangwa likapata mvua, watu wakapigiana makofi. Lakini nyanda za juu zilipata theluji ya kumfika mtoto magotini, na shule za milimani zikapata kitu kipya kinachoitwa siku ya theluji. King'ora kililia kabla ya jua, mzazi akajua leo hakuna shule, mtoto akarudi kulala. Wengine walifurahi. Watoto ni watoto.

Jambo ambalo watu hawakuambiwa ni kwamba minara haipunguzi chochote. Theluji haifutwi angani kama chaki ubaoni. Minara huupasha upepo joto upande mmoja, wingu likaegemea upande wa pili, basi, kazi imekwisha. Siku nyingi Esnati alilisukuma wingu mpaka uwandani, kwenye nyasi na maua, kusiko na nyumba wala shule. Alikuwa amekula kiapo cha kutosema jinsi kazi inavyofanyika, na kwa kuwa theluji iliangukia nyasi, kiapo hicho hakikuwahi kumnyima usingizi.

Asubuhi ile upepo uliukataa uwanda. Esnati alijaribu kuuelekeza huko, akajaribu tena, na kila mara mtambo ulimrudishia jibu lilelile kwenye kioo: haiwezekani. Zilibaki njia mbili. Aliache wingu lishuke Ligala, au alivushe mlima liangukie Ilevelo.

Na siku yenyewe ilikuwa ya mtihani wa darasa la saba.

Mwaka uliotangulia theluji iliifunga shule ya Ligala siku kama hiyohiyo. Wakubwa wa mitihani hawakutaka kusikia hadithi za theluji. Karatasi zilirudi mjini zikiwa zimefungwa vilevile, na darasa zima likaambiwa lirudie mwaka. Baadhi ya wavulana walikwenda kupasua mbao na hawakuonekana tena shuleni. Binti wa jirani alipelekwa mjini kufanya kazi za ndani. Yusta, mtoto wa pekee wa Esnati, alirudi darasani na sare iliyokuwa ikimbana mabegani, akasoma kwa hasira mwaka mzima, hata mama yake akawa anamwogopa kidogo.

Saa ile Yusta alikuwa njiani. Esnati alimwona kwa macho ya moyo: amevaa sweta lake la moto, lile lenye nyaya nyembamba ndani, ameshika kamba pamoja na wenzake. Ndivyo watoto wa milimani walivyokwenda shule msimu wa baridi. Kamba moja ndefu, mwalimu mbele, mzazi wa zamu nyuma, kila mtoto na fundo lake la kushika, na kwenye kila sweta betri ndogo iliyochajiwa shuleni wakati wa masomo, ikatosha kumrudisha mtoto nyumbani na kumleta tena kesho yake. Kama king'ora kingelia sasa, kamba ile ingegeuka.

Kioo cha mtambo kilionyesha kila kitu kwa upole. Ligala: shule wazi, watoto njiani. Ilevelo: shule imefungwa. Kanuni ilikuwa moja tu na ilieleweka hata na mtu aliye usingizini: theluji inaweza kuhamishiwa bonde ambalo shule yake imefungwa, kwa sababu huko watoto wako majumbani, karibu na moto. Esnati alibonyeza Ilevelo. Mtambo ukafikiri kidogo, kisha ukauliza swali lake la mwisho, lile uliloliuliza kila siku tangu siku ya kwanza ya kazi.

Kuna nyongeza kutoka kwa mwenyeji?

Waliotengeneza mtambo walitoka mbali, na kwa hilo wapewe haki yao, walijua kwamba hawajui. Hawakujua ni mto gani hufurika, njia gani hupitwa siku ya gulio, watu gani wamehamia ng'ambo wakati wa palizi. Ndiyo maana waliliweka swali lile, na ndiyo maana walimwajiri mtu wa hapohapo wa kulijibu. Esnati hakuwa mhandisi. Alipewa kazi ile kwa sababu alizaliwa bonde moja akaolewa la pili.

Naye alijua kwa nini shule ya Ilevelo imefungwa. Bibi Melina, mpishi wa uji wa shule, alikuwa amefariki juzi, na leo ndiyo siku ya kumzika. Esnati alikunywa uji wa bibi yule tangu darasa la kwanza mpaka la saba, uji mzito wenye harufu ya moshi, na habari ilipomfikia alilia. Shule imefungwa kwa msiba. Mtambo uliandika tu: imefungwa.

Kidole chake kilikaa hewani kidogo. Baadaye alijiuliza mara nyingi ni kidogo kiasi gani, na katika kidogo hicho kulipita nini kichwani mwake. Kisha alibonyeza: Hakuna.

Minara ilibadilisha sauti. Wingu likasita juu ya Ligala, likageuka ubavu, likaanza kupanda mlima. Esnati akajipikia chai nyingine, akaweka sukari nyingi kuliko kawaida. Tusimfiche: alifurahi. Alisimama dirishani na kikombe chake, akaona jua linafunguka juu ya paa la shule ya Ligala, akasema kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu, "Haya mwanangu, kazi kwako."

*

Simu ya kituo ililia chai ikiwa haijaisha. Alikuwa Mwalimu Msigwa, mkuu wa shule ya Ilevelo, mtu mpole ambaye hata akiwagombeza watoto huanza kwa kuwasalimu. Leo hakusalimu. Aliuliza theluji ile itakwisha lini. Redio ilisema Ilevelo kutakuwa shwari, alisema, wala king'ora hakikulia, na sasa huku haonekani mtu hatua chache mbele.

"Si mmefunga shule, mwalimu?" Esnati alisema.

"Tumefunga, dada. Tunamzika Bibi Melina." Sauti yake ilikatikakatika. "Watoto wako njiani na kuni."

Esnati aliiweka simu chini.

Bila shaka wako njiani na kuni. Wangekuwa wapi kwingine? Ilevelo, msiba ukiwa wa shule, shule hufungwa ili watoto watoke, si ili wakae. Kila mmoja huvaa sare yake, huchukua kuni nyumbani kwao kadiri ya nguvu zake, akaenda nazo msibani, kwa sababu watu wanaolala pale lazima wapikiwe na waote moto. Kufika msibani mikono mitupu ni aibu ambayo mtoto wa Ilevelo hufundishwa kabla ya kufundishwa kusoma. Esnati mwenyewe alipanda kilima kilekile na mzigo wa kuni kichwani, mara ngapi, akiwa na rafiki yake Tabu, wakisukumana na kucheka mpaka wakaribie msibani, ndipo wanyamaze na kupanga nyuso.

Na wametoka hivihivi, kila mtoto kutoka kwao, bila kamba, kwa kuwa kamba ni ya kwenda shule au ya theluji iliyotangazwa, na leo haikuwa shule wala haikutangazwa theluji. Masweta nayo yamezimika. Tangu Bibi Melina afariki shule haijafunguliwa, hakuna betri iliyochajiwa.

Alirukia mtambo. Alijaribu kulivuta wingu, akabonyeza hiki na kile, akapiga kioo kwa kiganja. Alijua kabla ya kujaribu. Wingu likishauvuka mgongo wa mlima, joto la minara halilifikii tena. Litamaliza lilichonacho pale lilipo. Kioo kilimweleza hivyo kwa upole uleule. Upande wa kusini jua lilikuwa linawaka. Upande wa kaskazini dirisha lilikuwa jeupe tupu, na Esnati alilitazama jeupe hilo akijaribu kukumbuka njia yote, kona kwa kona, kana kwamba angewaongoza watoto kwa kukumbuka.

Alimpigia Mwalimu Msigwa akamwambia wagonge chuma cha shule bila kuacha, wanaume waende na kamba mpaka njia panda, waanzie upande wa makaburi kwa sababu watoto wa juu hukatisha huko. Mwalimu alishukuru. Alisema, "Mungu akubariki, dada Esnati," na maneno yale yalimchoma, akaishika simu muda mrefu baada ya kukatika.

*

Walipatikana, mmojammoja na wawiliwawili. Wengine walisikia chuma wakakifuata. Wengine walijibanza kwenye banda la ng'ombe, wakatolewa wanatetemeka na bado wameshika kuni zao. Mpaka jioni walikuwa wamepatikana wote isipokuwa Edina Ilomo wa darasa la tano, na yeye alipatikana kesho yake, theluji ilipotulia, nyuma ya jiwe kubwa karibu na makaburi. Alikuwa ameketi ameegemea mzigo wake. Kuni zilikuwa zimefungwa vizuri, hakuna hata kijiti kilichochomoka.

Edina alikuwa binti wa Tabu. Yule Tabu.

Mhandisi Shekilindi, mkubwa wa vituo vyote vya nyanda za juu, alipiga simu kutoka mjini. Hakuwa mtu mbaya. Alimpa pole kwanza, na pole yake ilikuwa ya kweli, kisha akamweleza kwamba ameshapitia kila kitu na hakuna kosa lolote. Shule ilionekana imefungwa, kanuni imefuatwa, mtambo umefanya kazi. Utabiri hukosea, watu wanajua hivyo. Hakuna haja ya kuongeza maneno.

Esnati alimwambia mtambo ulimuuliza.

Mhandisi akamuuliza, kwa sauti ya mtu anayempa mwenzake mlango wa kutokea, kama saa ile alikuwa na hakika watoto wanapita njiani. Esnati akasema hajui. Ndilo jibu alilokuwa akijipa mwenyewe tangu jana, na kila akijipa lilikuwa linapungua uzito.

"Basi hukujua, Mama Yusta," Mhandisi alisema. "Nikuambie kitakachotokea ukisema. Ilevelo watapanda na mashoka wakaiangushe minara. Na wakishajua theluji inaweza kutumwa, kila theluji itakuwa na mwenyewe. Bonde litadai bonde. Yule mtoto hatarudi, na wengine watafuata. Halafu kuna binti yako. Watasema mtoto wa fulani alifanya mtihani, mtoto wa fulani akafa. Atatembea na neno hilo maisha yake yote. Fikiria hilo."

Alilifikiria. Hakuwa na jingine la kufikiria.

Yusta alikuwa ameurudia mtihani wake kichwani mara kadhaa, akimweleza mama yake swali hadi swali. Hesabu zilikuwa nyepesi, alisema, na kwenye insha aliandika mpaka nafasi ikaisha. Habari za Edina zilipofika aliacha kuusimulia. Usiku ule walipokuwa wanakula, aliweka kijiko chini.

"Mama, redio ilisema theluji ni ya kwetu."

"Utabiri hukosea," Esnati alisema.

Yusta alimtazama. Alikuwa na macho ya baba yake marehemu, macho ya mtu asiyebisha ila hasahau. Akachukua kijiko akaendelea kula, na Esnati akajisikia mwizi nyumbani kwake mwenyewe.

*

Walikwenda kumzika Edina wote wawili. Yusta alitaka mwenyewe kwenda. Alivaa sare, akatoka nyuma ya nyumba na mzigo wa kuni aliouchagua na kuufunga bila kuambiwa, na Esnati naye akabeba wake. Walipanda mlima kimya, wakapita chini ya minara inayonguruma, wakashuka Ilevelo ambako theluji bado ilikuwa imelala kwenye kingo za njia, chafu na ngumu. Kila mtu waliyekutana naye aliwasalimu kamwene, akawashukuru kwa kuja. Mzee mmoja alimshika Esnati mkono akasema bila maelekezo yake ya simu wangezika watoto wengi. Esnati alitamani mzee yule angemtemea mate.

Msibani wanaume walikuwa nje wakiota moto, wanawake ndani kwenye mikeka. Kando ya ukuta wa jiko, peke yake, uliwekwa mzigo mdogo wa kuni ambao hakuna aliyeugusa. Jiko liliwaka kwa kuni za watoto wengine, mirundo na mirundo, na wapishi walipoishiwa walituma mtu mbali kuliko kuunyooshea mkono ule uliokuwa karibu.

Tabu alikuwa ameketi pembeni ya jeneza, kitenge kimemfunika mpaka kwenye nyusi. Alipomwona Esnati alimsogezea nafasi kwenye mkeka, kama walivyosogezeana nafasi kwenye dawati utoto wote. Hakulia. Alikuwa amekwisha kulia. Alizungumza polepole, macho kwenye mikono yake.

"Nilimchagulia kuni mwenyewe, Esnati. Alisema ni nzito, nikamwambia Bibi Melina alikupikia uji, usifike kwake mikono mitupu." Akaukunja upindo wa kitenge chake. "Angeutupa ule mzigo angekimbia. Wenzake walikimbia. Hakuutupa kwa sababu ya maneno yangu. Mimi ndiye niliyemuua mwanangu."

Wanawake waliokuwa karibu walimkemea kwa upole, wakasema ni kazi ya Mungu, asijitie lawama. Ilionekana wameshamwambia hivyo mara nyingi. Tabu alitikisa kichwa tu. Esnati alimshika mkono rafiki yake, mkono ukawa wa baridi, akaubana katikati ya mikono yake miwili, na akajua kwamba anachokifanya ni kumpasha joto mtu aliyembebesha mzigo usio wake.

Alijaribu kujitetea moyoni. Alimtaja Yusta. Aliwataja watoto wa Ligala waliorudia mwaka, akalitaja jina la binti aliyekwenda kuosha vyombo vya watu mjini. Yote yalikuwa kweli. Angeweza kuyasema mbele ya hakimu. Lakini pale mkekani, kila alilolitaja lilikuja likaketi karibu na Tabu na kumtazama, na hakuna lililojibu swali lile dogo la mtambo.

Walitoka uwanjani kwa ibada, Tabu na Esnati wakaketi kwenye mkeka kando ya jeneza. Wanafunzi wa Ilevelo walisimama mstari mmoja kando ya kaburi, na Yusta, ambaye hakuwa wa shule ile, alisimama mwishoni mwa mstari, hakuna aliyemwondoa. Waliimba. Mchungaji alisema aliyosema. Kisha baba mdogo wa Edina, mtu mrefu mwenye koti lililofifia, akasogea mbele kutoa historia ya marehemu, kama inavyotolewa kwenye kila msiba, fupi kwa mtoto kuliko kwa mzee, na kwa hiyo ngumu zaidi kuisikiliza.

Alisema Edina alizaliwa hapohapo Ilevelo, mtoto wa pili wa wazazi wake. Alibatizwa, akaanza shule, akapenda kuimba na kuchunga mbuzi, ingawa mbuzi wenyewe hawakumtii. Watu wakatabasamu kidogo katikati ya machozi. Siku ya kumzika Bibi Melina, alisema, marehemu alitoka nyumbani akiwa mzima wa afya, amebeba kuni kama alivyotumwa na mama yake. Akiwa njiani alifikwa na theluji ambayo haikutabiriwa, na Mungu akampenda zaidi.

Aliposema kama alivyotumwa na mama yake, Tabu alijikunja kama mtu aliyepigwa tumboni. Esnati alikuwa amemshika, akausikia mwili wote ukijikunja.

"Hiyo ndiyo historia fupi ya mwanetu," baba mdogo alimalizia. "Kama kuna niliyoyasahau mnisamehe, na mwenye nyongeza aongeze."

Husemwa kila mara, na kila mara hakuna anayeongeza. Mchungaji alikuwa ameshafungua kitabu. Vijana wa kushusha jeneza walikuwa wameshaanza kuzishika kamba. Esnati aliuachia mkono wa Tabu, akasimama.

Kwanza alimtazama Yusta. Mtoto alikuwa bado ameushika mzigo wake wa kuni, hakuuweka chini na wenzake, na macho yake yalikuwa kwa mama yake, hayabishi, hayasahau. Esnati alitamani kumwomba radhi kabla, lakini hapakuwa na nafasi ya kufanya hivyo bila kukaa tena chini.

"Mimi nina nyongeza," alisema.

Watu waligeuka. Baba mdogo, kwa adabu, akampisha mahali pale mbele. Hakwenda mbele. Alibaki pale alipokuwa, karibu na Tabu.

"Theluji ile ilitabiriwa. Ilikuwa ya Ligala. Minara haipunguzi theluji, inaihamisha, na aliyeihamisha ni mimi. Watoto wetu wa Ligala walikuwa na mtihani, na binti yangu yuko miongoni mwao. Hakulijua hilo, wala hana kosa. Nilitaka wafanye mtihani, nikaisukuma ikaja huku."

Uwanja ulinyamaza, ukasikika mngurumo wa minara kutoka juu mlimani, ule ambao watu walikuwa wameuzoea kiasi cha kutousikia. Mtu mmoja nyuma aliuliza amesema nini yule. Wanaume waliokuwa wameshika kamba za jeneza waliziachia.

Tabu alikuwa amekifunua kitenge usoni. Alimtazama Esnati kutoka chini mkekani, muda mrefu, na sauti yake ilipotoka haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu anayetafuta kitu kimoja tu kabla ya kuamua kingine chochote.

"Hukujua watoto wako njiani," alisema. "Uliona shule imefungwa. Sema hukujua."

Ulikuwa ni mlango, na Tabu ndiye aliyeufungua, na Esnati angeupita, hakuna ambaye angemlaumu. Aliwatazama watoto waliopanga mstari na sare zao, na mzigo ule mdogo wa kuni uliokuwa umeegemea ukuta. Akajiona yeye na Tabu, wadogo, wanasukumana njiani na kucheka mpaka wakaribie msibani.

"Nilijua," alisema. "Kila mtu wa hapa anajua. Mtambo uliniuliza kama nina nyongeza, nikasema hakuna."